Sebule Si Lazima

Injinia hakuwa mtu wa kupenda kupigiwa makofi, lakini siku hiyo alipigiwa, na asije mtu akasema hakuyapenda. Alisimama pembeni ya meza ndefu ya ofisi, mikono nyuma, akijifanya anaangalia zulia, huku kichwa kikimvimba taratibu. Bwana Maoni, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya na kupanga yale wanayosema wateja, alikuwa ametoka kusoma matokeo. Katika kila wateja kumi waliojibu, tisa walisema wanaipenda Sebule, na wangetaka iwe njia pekee ya kuingilia dukani.

Sebule ilikuwa kazi ya mikono yake. Kampuni yao ilikuwa duka la michezo ya kompyuta, duka lisilo na rafu wala kaunta, la mtandaoni tu. Mteja alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, anakwenda kwenye tovuti, anabonyeza kitufe kimoja, anapakua mchezo wake kama anavyopakua faili jingine lolote, anauweka kwenye kompyuta, kwisha habari. Ya pili ndiyo hiyo Sebule: programu unayoiweka kwanza kwenye kompyuta yako, halafu humo ndani unakuta michezo yako yote imepangwa kwa picha, inajisasisha yenyewe, inakumbuka ulipoishia, na inakuonyesha rafiki yako gani yuko macho na anacheza nini. Ile njia ya kwanza ofisini waliiita mlango wa uani, na waliitaja kama watu wanavyomtaja ndugu aliyewatia aibu. Ya pili ndiyo waliyoitolea macho.

Tangu siku ya kwanza, chini ya jina la Sebule kwenye tovuti paliandikwa maneno mawili: si lazima. Na kwa sababu haikuwa lazima, wateja waligombana juu yake bila kuchoka. Jukwaa la duka, mahali wateja walipoandika maoni yao, lilikuwa halilali. "Sebule inanifanyia kila kitu isipokuwa kunifulia nguo," aliandika mmoja kwa furaha. Mwingine akamjibu, "Mimi nilinunua mchezo. Sikununua mgeni wa kukaa kwenye kompyuta yangu." Wa tatu akadakia, "Mkimaliza kuchambana mniite, mimi nacheza."

Maoni ya aina ya kwanza Injinia aliyasoma mara mbilimbili. Ya aina ya pili aliyapita kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jirani mwenye nongwa. Aliwaita wanung'unikaji, na ofisi nzima ikalidaka hilo jina.

"Haya, wateja wameshasema," Bosi alisema, akasugua viganja. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, asiyejua kusema polepole. "Mwisho wa mwezi mlango wa uani unafungwa. Anayetaka michezo yetu ataingilia Sebuleni kama watu wastaarabu. Injinia, kile kitufe cha kwenye tovuti utakiondoa wewe mwenyewe. Heshima hiyo ni yako. Na baada ya hapo tunaanza Sebule mpya, kubwa, na timu nzima nakupa wewe uiongoze."

Timu nzima! Hilo alikuwa amelisubiri tangu aajiriwe. Alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. Alitoka kwenye chumba kile hajui kama anakanyaga zulia au anakanyaga hewa, na mtu wa kwanza aliyemjia kichwani kumpa habari alikuwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yake, na ndiye aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kike wa kubebwa mgongoni. Alikuwa fundi cherehani wa kusifika hadi macho yalipoanza kumsaliti. Kwanza hakuona uzi, halafu hakuona sindano, halafu asubuhi moja hakuona dirisha. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba wamechelewa. Baada ya hapo Shangazi alikaa kitandani muda mrefu, uso ukutani, haongei, hali mpaka alazimishwe. Nyumba nzima ilikata tamaa isipokuwa Injinia. Alimwekea kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, akamtafutia michezo inayochezwa kwa masikio: ya upelelezi, ya safari, ya kuwinda mwizi kwenye jumba lenye giza kwa kufuata nyayo na mlio wa milango. Ndani ya majuma machache Shangazi alikuwa ameketi. Baadaye akawa mkali tena, na hapo ndipo walipojua amepona.

Jumamosi mchana Injinia alimkuta mezani kwake, hedifoni masikioni, ametega kichwa upande mmoja, vidole juu ya kibodi.

"Nyamaza kidogo," Shangazi alisema kabla hata hajasalimiwa. "Kuna mtu nyuma ya pazia."

Injinia alikaa kitandani akangoja. Chumba kilikuwa safi kama kawaida, cherehani imefunikwa kitambaa kwenye kona, viatu vimepangwa chini ya kiti ili visimkwaze. Mara Shangazi akabonyeza kitu kwa nguvu, akacheka peke yake, akavua hedifoni.

"Nimemkamata mshenzi yule. Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mama. Leo una sauti ya mtu aliyepewa kitu."

Injinia alimwaga yote kwa pumzi moja: makofi, tisa kwa kumi, timu nzima, Sebule mpya. Alimshika mikono yote miwili. Shangazi alitabasamu, akasema hongera mwanangu, hongera sana, nilijua tu. Kisha tabasamu likabaki usoni peke yake, kama limesahauliwa pale.

"Na kile kitufe cha kwenye tovuti," akauliza, "kitaondoka kabisa?"

"Kabisa. Mwisho wa mwezi. Mimi ndiye nitakayekiondoa."

"Sawa." Shangazi alipapasa meza, akakipata kitambaa chake, akafuta jasho ambalo halikuwepo. "Basi kabla hujaenda, nisaidie kitu kidogo. Michezo yangu yote niliyowahi kununua, nipakulie sasa hivi uniwekee kwenye flashi. Yote. Hata ile niliyoimaliza."

"Ya nini? Si itakuwemo Sebuleni? Hutahitaji flashi wala nini."

Shangazi alikunja kitambaa mara mbili.

"Shangazi. Sebule si unayo?"

"Ninayo. Uliniwekea mwenyewe."

"Na unaitumia."

"Mwanangu, chai iko jikoni, kajimiminie."

Injinia hakwenda kujimiminia. Alisogea mezani, akachomoa hedifoni ili sauti itoke kwenye spika, akaifungua Sebule. Picha zikajipanga kwenye skrini, za rangi, za kupendeza. Alikuwa ametumia majuma akichagua ile rangi ya nyuma. Ile sauti ya kusomea, ambayo Shangazi aliiita mpangaji kwa sababu inaongea kutwa na haichangii hata sabuni, ikakohoa kidogo kwenye spika na kuanza kazi.

"Kitufe," ikasema. Injinia akabonyeza kwenda mbele. "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe. Picha. Picha. Kitufe."

Aliendelea kubonyeza. Kila alikokwenda, mpangaji alisema hayo hayo. Kwa mtu mwenye macho, kila kitufe kilikuwa na alama yake nzuri. Lakini nyuma ya alama hizo Injinia hakuwahi kuandika neno hata moja la kusomwa, hata jina la kuwaambia wasioona hiki ni cha nini. Kilikuwa kitu cha kuandika kwa dakika, na hakukiandika kwa sababu alama zilionekana vizuri. Zilionekana vizuri kwake.

"Lakini uliniambia ni nzuri," alisema. "Ulinipigia simu siku ile ile ilipotoka. Ulisema umeipenda."

"Niliipenda. Sikusema naitumia."

"Kwa hiyo ulinivika kilemba cha ukoka."

"Nilikuvika kilemba cha mwanangu," Shangazi alisema, sasa naye amekaza sauti. "Ulikuwa unaniamkia saa za alfajiri unanisimulia jinsi inavyokwenda. Ningekuambia nini? Kwamba naifungua halafu nakuwa kama mtu aliyeingizwa kwenye chumba chenye milango mingi, yote haina vitasa? Nilikuwa na njia yangu kwenye tovuti. Pale mpangaji anasoma kila kitu, napakua, nacheza. Sikuwa na shida na mtu. Nikasema acha mtoto afurahi."

Injinia alikuwa na hasira, lakini hakujua aielekeze wapi, na iliyobaki bila pa kwenda ikageuka aibu. Akatafuta pa kujishikiza.

"Basi ungetuambia kwenye yale maswali. Tuliwauliza wateja wote, mwezi uliopita. Ungejibu pale kwamba hutaki."

"Maswali gani?"

"Yale yaliyotokea ulipofungua..." Akanyamaza. Alijisikia mwenyewe anachotaka kusema. Maswali yalitokea ukifungua Sebule. Hayakutokea mahali pengine popote. Waliwauliza waliomo ndani ya Sebule kama wanaipenda Sebule, wakahesabu majibu, wakapigiana makofi. Anayeikataa hakuwa na pa kusemea kwamba anaikataa, maana ili aseme ilimpasa kwanza aingie. Kampuni nzima ya watu waliosoma, na hakuna aliyeliona, yeye akiwa wa kwanza wa kutoliona.

"Umenyamaza," Shangazi alisema. "Nimekuudhi?"

"Hapana." Injinia alisimama. "Flashi sikupi."

"Eh!"

"Sikupi, kwa sababu kitufe hakiondoki."

Aliyasema kwa ujasiri wa mtu aliye nyumbani kwao. Jumatatu ofisini yalikuwa mengine. Alianza na Bwana Maoni, kijana mrefu mwenye suti, mwenye kuamini namba zake kama wengine wanavyoamini dawa.

"Tuliwauliza wateja wote," Bwana Maoni alisema, bila kuinua macho kwenye kikombe chake.

"Tuliwauliza wapi?"

"Kwenye Sebule, wapi tena? Ilikuwa rahisi. Lile dirisha ulilitengeneza wewe."

"Nililitengeneza mimi, ndiyo. Na wasiotaka kuingia Sebuleni walijibia wapi?"

Bwana Maoni aliweka kikombe chini, akakisogeza kushoto, akakirudisha kulia, kana kwamba jibu lilikuwa limefichwa chini yake.

"Mama yangu wee," akasema mwishowe.

"Tuulize upya. Safari hii kwenye tovuti, pale pale penye kile kitufe."

"Bosi ameshatangaza. Wenye michezo, hawa wanaotupa ya kuuza, wameshaambiwa. Injinia, zile namba nilizisimamia mimi mbele ya watu. Unataka nikajichomee nyumba?"

"Nataka tusimame wawili."

Hakusema ndiyo wala hapana. Bosi yeye alisema hapana papo hapo, tena akiwa wima mlangoni, mkoba mkononi. Tangazo limetoka, mambo mbele, wanung'unikaji hawakosi la kusema. Injinia akamwambia kwamba kile kitufe yeye hakiondoi.

"Hukiondoi?"

"Sikiondoi mpaka tuwasikie."

"Ataondoa mwingine. Vidole vya kubonyeza havijaadimika humu." Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akalegeza uso. "Alhamisi wenye michezo wanakuja kikaoni. Nakupa nafasi ya kusema. Ukisema pumba, basi."

Injinia alijifunga kibwebwe. Siku hizo tatu alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu Sebule izaliwe: aliyasoma maoni yote mabaya, moja baada ya jingine, bila kuruka. Mengine yalikuwa matusi matupu, na hayo pia aliyasoma. Kisha akaandika kwenye jukwaa, kwa maneno yake, bila kupitia kwa mtu wa matangazo: "Mimi ndiye niliyeitengeneza Sebule. Wewe usiyeitumia, niambie kwa nini. Sitakubishia." Akaliweka tangazo hilo pembeni ya kitufe cha mlango wa uani, ambako wanaopita wangeliona.

Wa kwanza alimwambia kwamba uso wake lazima una dharau kama programu yake. Injinia akajibu, "Asante, endelea." Na yule mtu, labda kwa kukosa wa kugombana naye, akaendelea. Baada yake walikuja wengine kwa mafungu. Muuguzi anayecheza wakati wa mapumziko kwenye kompyuta ya chumba cha wauguzi, ambako haruhusiwi kuweka programu yoyote ya kudumu. Mchimba visima anayeishi kambini, ambako intaneti huja inapojisikia, na kila ikija Sebule huitumia yote kujisasisha, yeye akabaki anaangalia mstari unaojaa. Mwalimu mstaafu mwenye kompyuta kuukuu inayohema kama mgonjwa wa pumu ikiambiwa ifungue Sebule. Baba wa watoto wanaogombania mashine moja, asiyetaka marafiki wa mkubwa wajue mdogo anacheza nini. Na wasioona walikuwepo, wengi kuliko alivyodhani, na wote walimwandikia jambo lile lile: kitufe, kitufe, picha.

Walikuwepo pia walioitetea, na kwa haki. Kijana mmoja mgeni katika mji wake alieleza kwamba Sebule ndiyo iliyompatia rafiki wa kwanza. Injinia alilisoma hilo na moyo ukamtulia kidogo. Kazi yake haikuwa ya bure.

Lakini lililomkaa rohoni kuliko yote lilikuwa fupi. "Sina ugonjwa, sina kompyuta mbovu, intaneti ninayo," mtu huyo aliandika. "Sitaki tu. Mliniambia si lazima, nikawaamini." Injinia alitaka kumuuliza sababu. Aliandika swali, akalifuta. Akaandika tena, akalifuta tena. Wagonjwa na wasioona mtu huwahurumia upesi, hata Bosi angewahurumia. Huyu hakuomba huruma. Alidai neno alilopewa, na Injinia aliona wazi kwamba anadai haki yake.

Alhamisi chumba kilijaa. Wenye michezo walikaa upande wa dirishani, maji mbele yao. Bosi alimpa nafasi kwa kuinua kidevu tu. Injinia alipiga moyo konde, akaunganisha kompyuta yake na spika kubwa ya ukutani. Hakuwaonyesha kitu. Skrini aliiacha imezimwa.

"Nunueni mchezo," akasema, akampa mwenye mchezo mmoja kibodi.

"Kitufe," mpangaji akasema, chumba kizima kikasikia. "Kitufe. Picha. Kitufe."

Yule bwana alibonyeza, akacheka, akabonyeza tena, kicheko kikapungua. Akasukuma kibodi mbele kwa mwenzake. Mwenzake hakuigusa.

"Hilo ni kosa, litarekebishwa," Bosi alisema haraka. "Ni kosa lako, Injinia, kama hujui."

"Ni langu. Na nitalirekebisha. Lakini kuna makosa mengine mangapi ambayo hatuyajui, kwa kuwa anayeyajua tumemfungia nje? Tulipouliza, hatukumuuliza yeye."

"Wachache hao. Tisa kwa kumi wanaitaka. Na milango miwili ni kazi mara mbili, na watu tulionao ndio hawa hawa. Hilo nalo liseme."

"Ni kweli, ni kazi mara mbili," Injinia alisema. "Hilo silikatai. Ila kwamba ni wachache hatulijui."

Hapo ndipo kiti kilipokwaruza sakafu, na Bwana Maoni akasimama, tai imemkaba, uso umemshuka.

"Zile namba hazina maana," akasema. "Nilizisoma mimi na ninazifuta mimi. Tumefanya kama mtu aliyeingia harusini akauliza kama kuna ambaye hakualikwa." Akakaa.

Bosi alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Alikuwa amekasirika, na hakujaribu kuficha.

"Sikuelewi," akamwambia Injinia. "Hii ni kazi yako. Umeijenga kwa jasho lako. Nimekupa nchi nzima uitawale, unanirudishia ufunguo. Hutaki ishinde?"

"Nataka ishinde. Nataka ishinde kwa mtu mwenye uwezo wa kuikataa. Nikimfungia njia nyingine zote ndipo anifuate, hapo nimeshinda nini?"

Bosi alisukuma kiti nyuma, akawaita wenye michezo pembeni. Walizungumza kwa sauti ya chini, muda mrefu kiasi cha maji kupata joto. Aliporudi mezani alikuwa na uso wa biashara. Mlango wa uani utabaki. Lakini pesa za milango miwili na za Sebule mpya kwa pamoja hakuna, kwa hiyo Sebule mpya haipo. Timu itapelekwa kazi nyingine. Injinia atabaki peke yake, autunze mlango wa uani na aizibe Sebule ya zamani matundu yake. Kwa shingo upande, kama atapenda, lakini ndiyo hivyo.

"Umekubali?"

Ile timu aliyolala nayo na kuamka nayo ilipita mbele ya macho yake, ikatoka mlangoni. Iliuma. Asingesema haikuuma.

"Nimekubali," akasema.

Ofisi ikapungua kelele baada ya hapo. Wenzake walihamishiwa meza za upande wa pili, na yeye akabaki na kona yake. Kitufe kwa kitufe, picha kwa picha, alikipa kila kitu jina la kusomwa. Alipomaliza majina akagundua mpangilio nao ni fujo: mpangaji alikuwa akiruka kutoka juu kwenda chini kisha katikati, kama mtu anayesimulia habari asizozijua. Akapanga upya. Alifanya kazi akiwa amezima skrini yake mwenyewe, na alitukana kimoyomoyo kila alipopotea, na alipotea sana.

Jumamosi moja, alipoona inatosha, akaenda kwa Shangazi.

"Leo kuna sharti," akamwambia. "Hutanisifia. Ukinisifia naondoka."

"Hata kama ni nzuri?"

"Hata kama ni nzuri. Toa ya moyoni tu."

Shangazi alicheka, akanyoosha vidole kama alivyokuwa akivinyoosha zamani kabla ya kukata kitambaa cha watu. Akaifungua Sebule. Mpangaji akaanza kuongea, na safari hii alisema vitu: michezo yako, tafuta, marafiki, endelea ulipoishia. Injinia aliutazama uso wa shangazi yake bila kupepesa macho. Aliona nyusi zikipanda, aliona mdomo ukijitayarisha kutabasamu, halafu ukajizuia kwa ajili ya sharti. Shangazi aliingia, akatafuta, akapata mchezo, akauweka. Akapotea mahali pamoja, akanung'unika, akatoka. Akazunguka tena kila kona. Kisha akavuta pumzi, akaifunga.

"Niseme?"

"Sema."

"Inaongea mno. Nikifungua tu inanisalimia, inanitajia jina la duka, inanitangazia michezo ambayo sikuiulizia. Nakuja kwangu kucheza, nakuta mgeni ameshaanza stori." Akahesabu kidole cha pili. "Pale inapouliza mchezo ukae sehemu gani ya kompyuta, nimepotea. Na kile kidude cha marafiki sikitaki kabisa. Mimi nacheza peke yangu."

"Enhe."

"Sasa nisikilize vizuri." Shangazi alimgeukia, sauti ikawa ndogo. "Nimefurahi ya kunifanya nilie. Kuna wenzangu watakaoshukuru, na nitawaambia. Lakini mimi mwenyewe siitaki, mwanangu. Njia yangu ya kwenye tovuti nimeizoea. Nitapita huko huko."

Injinia alikuwa amejiandaa kusikia makosa. Hili hakujiandaa nalo. Aliitoa timu nzima, aliitoa Sebule mpya, akakaa gizani akizijaribu sauti moja moja, na mtu aliyemfanyia yote hayo alikuwa anamkatalia kwa upole, mkono juu ya goti lake. Machozi yalimlengalenga, naye akashukuru kwamba hayaonekani. Kisha akakumbuka ni nini hasa alichokipigania kikaoni, na akajilazimisha kukaa sawa. Katika miaka yote ya Sebule, hayo yalikuwa maoni ya kweli ya kwanza aliyowahi kuyapata kutoka kwa shangazi yake.

Shangazi alishageukia tovuti. Mpangaji alimsomea, akabonyeza kile kitufe, mchezo ukaanza kupakuliwa. Akaichukua hedifoni yake.

"Shangazi," Injinia akasema. "Pale ulipopotea. Nionyeshe tena."

"Nimekuambia siitumii, mama."

"Najua." Alikuwa ameshatoa kompyuta yake kwenye mkoba, ameiweka magotini. "Nionyeshe tena."

Shangazi aliitua hedifoni mezani, akasogeza kiti chake karibu.

"Haya, andika," akasema.